Daftari la Mahabusi: Ngao ya Mtu na Aibu ya Jina

Wazee walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumeifundisha darasani kwa miaka mingi, na kila mara tumeieleza kwa mifano ya duka, ya mizigo na ya madeni. Katika makala haya tunakusudia kuieleza kwa mfano mwingine, ulio mzito kuliko bidhaa zote za dukani, nao ni mwanadamu aliyetiwa mikononi mwa askari. Je, mtu naye asipoandikwa daftarini hupotea bila habari? Na akisha kuandikwa, ni nani mwenye haki ya kulisoma daftari hilo, na yampasa alisome vipi?

Swali hili hatukulitafuta wenyewe, bali lilitujia nyumbani. Mama mmoja, jirani yetu katika mji huu wa Uganda ulio karibu na mpaka wa Kongo, alitujia jioni moja na simu mkononi. Mwanawe alikuwa amehamia Louisville, katika jimbo la Kentucky, Marekani, pamoja na wakimbizi wengine waliotoka Kongo. Ndani ya simu ile mlikuwa na ukurasa wa Kiingereza wenye picha ya kijana huyo, jina lake, tarehe, saa, tuhuma na kiasi cha dhamana. Ukurasa huo ulikuwa umekwisha kuzunguka mji mzima kabla haujamfikia mama mwenyewe. Wazee wa upande wa mchumba walikuwa wametuma mshenga kusema kwamba habari za posa zisimame kwanza, kwani hawawezi kumwoza binti yao kwa mfungwa. "Mwalimu," akatuambia, "nisomee. Ni kweli mwanangu amefungwa?"

Tuliusoma ukurasa ule mara mbili. Kiingereza chake kilikuwa chepesi, na tuhuma yenyewe ilikuwa ya kuendesha gari bila leseni. Hata hivyo hatukuweza kumjibu mama kwa neno moja, kwa sababu ukurasa haukusema kwamba kijana amehukumiwa, wala haukusema kwamba ameachiliwa. Ulisema tu kwamba usiku fulani aliandikishwa katika jela ya kaunti. Ndipo tulipoona kwamba yafaa kuichunguza historia ya daftari hilo, ili tujue linasema nini na halisemi nini.

Tuanze na maneno

Kiswahili hakina upungufu wa maneno katika jambo hili, ila sisi wasemaji huyachanganya. Mtuhumiwa ni mtu anayedhaniwa kuwa ametenda kosa. Mahabusi ni mtu aliyezuiliwa akingoja kesi yake. Mshtakiwa ni yule aliyekwisha kusomewa mashtaka mbele ya mahakama. Mfungwa ni yule tu aliyehukumiwa kifungo. Kila mfungwa aliwahi kuwa mtuhumiwa, lakini si kila mtuhumiwa anayefikia kuwa mfungwa. Mitaani, hata hivyo, wote wanne hupewa neno moja: "amefungwa." Na mahali wanapowekwa nako huchanganywa vivyo hivyo, mara jela, mara gereza, mara korokoroni, mara rumande, na wenzetu wa Kongo husema boloko.

Wamarekani hutenganisha nyumba mbili. Ya kwanza ni jela ya kaunti, wanamowekwa watu wanaongoja kesi pamoja na wale wenye vifungo vifupi, aghalabu visivyozidi mwaka mmoja. Ya pili ni gereza la jimbo au la taifa, ambamo hutumikiwa vifungo virefu. Daftari tunalolizungumzia hapa ni la nyumba ya kwanza. Nchi hiyo ina kaunti zaidi ya 3,000, na katika majimbo mengi jela ya kaunti husimamiwa na sherifu anayechaguliwa na wananchi kwa kura. Katika kaunti nyingi za Kentucky huchaguliwa hata mkuu wa jela mwenyewe.

Mtu akifikishwa jelani huandikishwa. Karani huandika jina, tarehe ya kuzaliwa, siku na saa ya kukamatwa, tuhuma, na kiasi cha dhamana kikishawekwa. Vitu vyake huhesabiwa na kuhifadhiwa, alama za vidole huchukuliwa, na picha hupigwa. Katika mambo yote hayo hakuna hata moja linalosema kama tuhuma ni ya kweli. Karani wa jela si hakimu. Kazi yake ni kushuhudia kwamba mtu huyu ameingia humu, saa hii, kwa neno hili.

Chanzo cha daftari

Sherifu ni cheo kilichotoka Uingereza, na maana yake ya asili ni msimamizi wa mambo ya mfalme katika wilaya. Mwaka 1166 Mfalme Henry wa Pili aliamuru kwamba wilaya zisizo na jela zijengewe, na masherifu wakapewa jukumu hilo. Lakini kuwa na jela ni jambo moja, na kujulikana kwa waliomo ni jambo jingine. Kwa karne nyingi waliokuwa na nguvu waliweza kumficha mtu, wakamhamisha kutoka ngome hii hadi ile, huku jamaa zake wakienda mlango kwa mlango wakiuliza.

Dawa iliyotafutwa ni amri ya mahakama inayomtaka mwenye kumzuilia mtu amlete mbele ya hakimu, na aeleze kwa sheria gani amemzuilia. Bunge la Uingereza liliitia nguvu amri hiyo kwa sheria ya mwaka 1679. Sheria hiyo ilimlazimu mlinzi wa jela kutoa nakala ya hati ya kumzuilia mtu katika muda wa saa 6 tangu alipoombwa. Akikataa, alitozwa pauni 100 kwa kosa la kwanza na pauni 200 kwa la pili, na fedha hizo zilikuwa haki ya mtu aliyezuiliwa. Sheria ile ile ilikataza kumpeleka mahabusi ng'ambo, mahali ambapo amri ya mahakama isingemfikia. Tuangalie kwamba kilichodaiwa hapa ni karatasi. Watunga sheria walielewa kuwa mtu ambaye hati yake yaweza kusomwa na ndugu zake hawezi kufichwa kwa urahisi.

Wamarekani waliirithi kanuni hiyo. Katiba yao iliyotungwa mwaka 1787 ilisema kwamba haki hiyo haitasimamishwa ila wakati wa maasi au uvamizi, pale usalama wa umma unapodai hivyo. Maasi yakaja. Mwaka 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, Rais Abraham Lincoln aliisimamisha, na watu wengi wakazuiliwa na jeshi pasipo mashtaka. Mwezi Machi 1863 Bunge lilimpa Rais ruhusa ya kufanya hivyo, lakini liliweka sharti. Mawaziri waliohusika walitakiwa kuwapelekea majaji wa taifa orodha za majina ya watu waliozuiliwa kwa sababu za kisiasa. Ikiwa baraza la mashtaka limemaliza kikao chake bila kumshtaki mtu aliyemo katika orodha, mtu huyo alistahili kuachiliwa. Basi hata katika vita, wabunge waliona kwamba kizuizi cha chini kabisa dhidi ya dhuluma ni orodha ya majina mikononi mwa mtu asiyekuwa mwenye kukamata.

Daftari lilipokuwa mtego

Tusidhani, hata hivyo, kwamba daftari la jela lilikuwa ngao kwa kila mtu. Louisville iko ukingoni mwa mto Ohio. Ng'ambo ya mto ni Indiana, jimbo lililokuwa halina utumwa, ilhali Kentucky ilikuwa nchi ya watumwa hadi Desemba 1865, utumwa ulipofutwa na katiba katika Marekani nzima. Katika majimbo ya watumwa, mtu mweusi aliyekutwa njiani bila hati aliweza kutiwa jelani kwa kudhaniwa kuwa mtoro. Jina lake, umri wake, kimo chake na makovu ya mwili wake yaliandikwa, kisha yakatangazwa gazetini ili bwana wake aje kumchukua. Asipotokea mtu wa kumdai kwa muda uliowekwa na sheria, aliweza kuuzwa.

Tunaona basi kwamba kitabu ni kile kile na kalamu ni ile ile. Mmoja aliandikwa ili jamaa zake wampate na kumtoa, na mwingine aliandikwa ili anayedai kummiliki ampate na kumrudisha. Wema au ubaya wa daftari hautoki katika wino. Hutoka katika jibu la swali hili: limefunguliwa kwa ajili ya nani?

Gazeti, picha na alama za vidole

Mwaka 1833 Benjamin Day alianzisha gazeti liitwalo The Sun katika mji wa New York. Magazeti mengine yaliuzwa kwa senti 6, na lake aliliuza kwa senti 1. Alimwajiri George Wisner awe akihudhuria mahakama ya polisi kila asubuhi na kuandika habari za walevi, wagomvi na wezi wadogo waliokamatwa usiku. Watu walizipenda habari hizo, na magazeti mengine yakafuata. Tangu hapo daftari la polisi likawa na wasomaji wa namna mpya, wasomaji wasiomtafuta ndugu yao bali wanaotafuta burudani katika masaibu ya mwenzao.

Kisha vikaja vyombo vya kumtambulisha mtu. Kule Paris, katika miaka ya 1880, Alphonse Bertillon aliweka utaratibu wa kupima viungo vya mwili wa aliyekamatwa na kumpiga picha mbili, moja ya uso na moja ya ubavu. Ndiyo picha ya mahabusi tunayoijua hadi leo. Alama za vidole zikafuata. Polisi wa London walianza kuzitumia kwa utaratibu mwaka 1901, na mwaka 1924 idara ya upelelezi ya taifa la Marekani ilianza kuzikusanya mahali pamoja. Awali mahabusi aliyebadilisha mji aliacha nyuma jina lake ndani ya kitabu cha jela ya zamani. Sasa alama zake zilimtangulia kila alikokwenda.

Mwaka 1972, Louisville na Kampala

Hapa twarudi Louisville, kwa maana katika mji huo ilitokea kesi inayoonyesha ubaya wa daftari likisomwa vibaya. Mwezi Juni 1971 mpiga picha mmoja wa magazeti ya mji huo alikamatwa akituhumiwa kuiba dukani. Alikana. Kesi yake iliwekwa kando pasipo hukumu. Ilipokaribia Krismasi ya mwaka 1972, mkuu wa polisi wa mji na mwenzake wa kaunti walitoa kijitabu cha kurasa 5 chenye majina na picha za watu waliowaita wezi wa madukani wanaoendelea na wizi wao, wakakigawa kwa wafanyabiashara wapatao 800. Mpiga picha yule alikuwamo. Si muda mrefu baadaye kesi yake ilifutwa kabisa, lakini kijitabu kilikuwa kimekwisha kusomwa. Mkubwa wake kazini alimwita na kumwonya, naye mwenyewe akaona haya kuingia madukani.

Alikwenda mahakamani, na shauri lake likafika Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwezi Machi 1976, kwa kura 5 dhidi ya 3, majaji waliamua kwamba jina jema peke yake si kitu kinacholindwa na katiba ya taifa, na kwamba kama amekashifiwa, afuate sheria za jimbo lake. Jaji William Brennan alipinga. Aliona si haki polisi kumpa mtu jina la mhalifu pasipo kesi kusikilizwa. Mwaka huo huo wa 1976 bunge la Kentucky lilipitisha sheria ya kumwezesha mwananchi kusoma nyaraka za serikali. Kwa hiyo daftari lilifunguliwa zaidi katika mwaka ule ule ambao aliyeandikwa humo aliambiwa kwamba katiba haitamlindia jina.

Msomaji wa Uganda akisikia mwaka 1972 hukumbuka jambo jingine. Mwezi Septemba mwaka huo Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alitumia amri ile ile tuliyoitaja, ya kumleta mtu mbele ya hakimu, kumwachilia Mwingereza mmoja aliyekuwa amezuiliwa na askari. Tarehe 21 Septemba 1972 watu wenye silaha walimkamata Jaji Mkuu mwenyewe katika Mahakama Kuu, Kampala, mchana, mbele ya macho ya watu. Hakurudi tena. Wengi walichukuliwa kwa namna hiyo katika miaka ile, wakatiwa katika magari na kupelekwa mahali pasipo karani wala kitabu. Mwaka 1974 serikali hiyo hiyo ya Idi Amin iliunda tume ya kuchunguza kupotea kwa watu, nayo ikaketi kusikiliza wake na wazazi wakieleza jinsi walivyokwenda kutoka kituo hadi kituo na kujibiwa kwamba mtu wao hayumo.

Tumeziweka habari hizi mbili pamoja kwa makusudi. Mpiga picha wa Louisville alidhulumiwa kwa kuwa jina lake lilisomwa na watu 800 wasiohusika. Wale wa Kampala walidhulumiwa kwa kuwa majina yao hayakuandikwa popote ambapo mtu mmoja anayehusika angeweza kuyasoma. Dhuluma hizi hazina uzito sawa. Aliyevunjiwa jina alikuwa hai, na aliweza kushtaki, hata kama alishindwa. Kwa sababu hiyo sisi hatuwezi kuungana na wale wasemao kwamba madaftari ya jela yafungwe yasionekane na mtu yeyote. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kifungu cha 23, nayo yaonyesha kwamba somo hilo lilieleweka. Inataka aliyekamatwa awekwe mahali palipoidhinishwa na sheria, jamaa yake wa karibu aarifiwe mara iwezekanavyo akiomba, na afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita. Haki ya kuletwa mbele ya hakimu nayo imetajwa kuwa haiwezi kusimamishwa.

Simu inayolia usiku

Louisville ina kisa cha pili. Tarehe 6 Desemba 1993 msichana mmoja aliuawa kwa risasi garini mwake siku aliyotimiza miaka 21. Aliyemwua alikuwa mchumba wake wa zamani, aliyekuwa amekamatwa kwa kumtendea jeuri. Alitoka jelani kwa dhamana, na hakuna aliyempa msichana habari. Daftari la jela lilijua kwamba mtu yule ametoka, lakini yeye aliyehitaji kujua kuliko watu wote hakujua.

Wazazi wake na wakuu wa kaunti ya Jefferson hawakuridhika kulia tu. Mwaka 1994 kaunti hiyo ilianzisha utaratibu wa kuunganisha kompyuta ya jela na simu. Mtu aliyedhulumiwa hujiandikisha, na mara mahabusi anapotoka, simu yake hulia, hata kama ni usiku wa manane. Utaratibu huo umeenea katika majimbo mengi ya Marekani. Hapa daftari lilirudia kazi yake ya kwanza, yaani kumfikishia habari mtu ambaye uhai wake unazitegemea.

Kutoka kabatini hadi mfukoni

Hadi miaka ya 1980 aliyetaka kujua habari za mtu ilimlazimu aende kaunti kwa kaunti na kumwomba karani amfungulie kitabu. Usumbufu huo ulikuwa pazia la namna yake. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ilikabiliwa na swali hilo. Waandishi wa habari walitaka serikali ya taifa iwape muhtasari wa makosa ya mtu mmoja, na wakati huo upelelezi wa taifa ulikuwa na mihtasari ya watu zaidi ya milioni 24. Majaji walikataa. Walisema kuna tofauti kubwa kati ya habari zilizotawanyika katika vitabu vya kaunti mbalimbali na habari zile zile zilizokusanywa mahali pamoja, hata kama kila moja ilikuwa wazi tangu mwanzo.

Intaneti iliipasua tofauti hiyo. Jela nyingi zilianza kutoa orodha zao ili jamaa wasisafiri bure. Wafanyabiashara wakazichota orodha hizo na picha zake, wakazitangaza katika kurasa zao, kisha wakadai fedha kwa aliyetaka picha yake iondolewe. Mtu aliyefutiwa kesi alilipa huku na picha ikatokea kule. Majimbo yakaanza kupiga vita biashara hiyo. Georgia na Utah zilitunga sheria mwaka 2013, na Kentucky mwaka 2016. Hata hivyo picha iliyokwisha kunakiliwa na kutumwa kutoka simu hadi simu haina mpaka wa jimbo, na ndiyo sababu iliweza kuwasili katika mji wetu kabla ya barua yoyote ya kijana mwenyewe.

Namna ya kutafuta na kusoma

Kwa kuwa jamaa za wasomaji wetu wengi sasa wanaishi Marekani, yafaa tuseme kwa ufupi jinsi ya kulitumia daftari hili.

Jambo la kwanza ni kuijua kaunti, maana hakuna daftari moja la nchi nzima. Aliyekamatwa Louisville atafutwe katika jela ya mji huo na kaunti ya Jefferson, ambazo serikali zake ziliunganishwa mwaka 2003. Aliyekamatwa mwendo wa nusu saa kutoka hapo huenda yumo katika kaunti nyingine, na daftari lake ni jingine.

Pili, jina litafutwe kwa namna zote. Majina yetu huandikwa mara la ukoo kwanza, mara la ubatizo kwanza, na herufi hubadilika mikononi mwa makarani. Tarehe ya kuzaliwa nayo si hoja ya kutosha. Wakimbizi wengi ambao siku yao ya kuzaliwa haikujulikana waliandikiwa tarehe 1 Januari, na hivyo watu wawili wasiojuana wanaweza kufanana kwa jina na kwa tarehe.

Tatu, orodha ya jela aghalabu huonyesha waliomo sasa. Aliyetoka hutoweka katika orodha. Kutoonekana kwa jina si ushahidi kwamba hakukamatwa, na kuonekana kwake si ushahidi kwamba ametenda. Mwisho wa jambo hauandikwi jelani. Huandikwa kwa karani wa mahakama, na huko ndiko kwa kuuliza kama kesi imefutwa, imeshinda au imeshindwa.

Nne, waliomo mikononi mwa serikali ya taifa wana madaftari yao. Magereza ya taifa yana orodha ya waliowahi kufungwa humo tangu mwaka 1982. Waliozuiliwa kwa mambo ya uhamiaji wana orodha nyingine, ambayo hutafutwa kwa namba ya mtu ya uhamiaji au kwa jina lake, pamoja na nchi alikozaliwa. Kadhalika, kwa mkataba wa Vienna wa mwaka 1963, mgeni anayekamatwa ana haki ya kuambiwa kwamba anaweza kuomba ubalozi wa nchi yake uarifiwe.

Tano, msomaji aepuke kurasa za wafanyabiashara kadiri awezavyo, na aende kwa wenye daftari lenyewe. Nakala ya nakala haisahihishwi. Kesi inapofutwa, karani wa mahakama huandika kwamba imefutwa, lakini mwenye kuuza picha hana haja ya kuandika.

Jibu tulilompa mama

Kwa msaada wa rafiki wa kijana yule aliyeko Louisville tulifuata njia hiyo hiyo. Ilionekana kwamba aliandikishwa saa 5 za usiku na kutoka asubuhi iliyofuata. Alipata leseni, akaipeleka mahakamani, na kesi ikafutwa. Tuliandika maneno hayo kwa Kiswahili katika karatasi moja, tukaeleza tofauti ya mahabusi na mfungwa, na mama akaipeleka kwa wazee wa upande wa mchumba. Walikaa, wakaisoma, na mazungumzo ya posa yakaendelea. Hatutaficha kwamba mzee mmoja alisema, "Tumesikia, lakini picha ile bado ipo." Alisema kweli. Tulikuwa na hoja, naye alikuwa na picha, na watu wengi huamini macho kabla ya masikio.

Ndugu walimu, sehemu ya kosa hili ni yetu. Nchini mwetu Kiswahili kimekuwa lugha ya polisi na jeshi kwa vizazi vingi, na kwa wengi neno la kwanza la Kiswahili walilolisikia lilitoka nyuma ya meza ya kituo. Ikiwa wanafunzi wetu watamaliza shule wakidhani kwamba kukamatwa, kushtakiwa na kufungwa ni maneno matatu ya jambo moja, tutakuwa tumewanyima wao na jirani zao haki ndogo isiyogharimu fedha. Sisi tumeanza kulifanyia zoezi katika kidato cha pili. Tunawapa wanafunzi habari fupi ya mtu aliyekamatwa, kisha tunawauliza: mwandishi amesema nini, hakusema nini, na ni kwa nani tutakwenda kuuliza yaliyobaki? Majibu ya swali la pili huwa ndiyo marefu kuliko yote. Tungefurahi kusikia kutoka kwa wenzetu watakaolijaribu zoezi hili katika shule zao.